Siku Nilipoiezua Nyumba Yetu

Zuhura mwanangu,

Mama zako wadogo wamekuchukua kwenda kupakwa hina, na nyumba imetulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mchele umechaguliwa, viti vya kukodi vimepangwa uani, nami nimeamriwa nilale kidogo kwa sababu kesho nitashinda nimesimama. Usingizi umekataa. Nimechukua daftari lako la zamani la chuo cha ualimu, lile lenye kurasa nyingi nyuma ambazo hazijaandikwa kitu, nimekaa mezani nikuandikie kabla hamjarudi. Utaisoma ukishafika Dodoma. Usiisome hapa mbele yangu.

Ya jikoni na ya chumbani umeshaambiwa na waliopewa kazi hiyo, na wanayajua kuliko mimi. Mimi ni mwanamke aliyeachwa. Hata walipokuwa wanapanga nani akufunde, nilisikia mtu ananong'ona kwamba mama mtu akae pembeni, asije akampa mtoto nuksi. Sikukasirika. Lakini liko jambo moja ninalolijua kuliko wote walioketi na wewe juzi, nalo ni jinsi watu wawili wanavyotoka katika nyumba waliyoijenga pamoja. Hilo hakuna somo wala kungwi anayelifundisha.

Na wewe mwenyewe uliniuliza. Siku ile Idrisa alipopiga simu kusema amelipia kiwanja na anataka akiba yako ya mshahara iingie kwenye msingi, ulikuja nyuma ya nyumba nilikokuwa nafua, ukasema, "Mama, niseme na jina langu liandikwe? Au nitaonekana naingia kwenye ndoa mguu mmoja uko nje?" Nikakujibu, "Tutaongea." Halafu nikaenda kuchuma mboga ambazo hatukuzihitaji. Miezi miwili imepita na hatujaongea. Basi haya ndiyo maongezi yenyewe.

Sijui kama unaikumbuka nyumba ya Vuga ikiwa nzima. Nilipoolewa na baba yako tulikuwa tunakaa chumba kimoja kwa bibi yako, tukitenganishwa naye na pazia la kitenge. Babu yako, kabla hajafa, alimwonyesha baba yako kiwanja juu kidogo ya migomba, kwenye ardhi ya ukoo. Tulianza kufyatua tofali mwaka uliofuata. Baba yako alikanyaga udongo, mimi nilipandisha maji kutoka mtoni, na ule mlima unaujua, ukifika juu ndoo imebaki nusu. Mawe ya msingi niliyabeba kichwani nikiwa na mimba yako ya miezi sita. Bibi yako alikuwa akiniona anapiga kelele, "Shusha hilo jiwe! Utamzaa mtoto ana kichwa bapa!" Nikishusha, akiingia ndani, ninabeba tena.

Tulikuwa na shamba dogo la chai kule Mponde, tulilipanda sote wawili, mche kwa mche. Chai ndiyo iliyotulisha. Mabati yalitoka kwenye kabichi zangu. Nilikuwa nalima kwenye matuta, nashusha mzigo Soni siku ya gulio, na ulitokea msimu mmoja kabichi zikaadimika kabisa, wanunuzi wakawa wanagombania hata zile zenye matundu ya wadudu. Nikawa narudi na bati mbili, siku nyingine tatu, tunaziweka chini ya kitanda. Mwishowe kitanda kikabidi kiondolewe, godoro tukalitandika juu ya bati zenyewe. Tulilala juu ya mabati miezi minne kabla ya kulala chini yake. Ukigeuka usiku yanalia, na bibi yako upande wa pili wa pazia anakohoa ili tujue kwamba amesikia. Tulikuwa tunacheka mpaka tunauma shuka. Nakwambia haya kwa sababu umekua ukinisikia namtaja baba yako kama mtu aliyenionea tu, na mtu wa namna hiyo hawezi kukuchekesha hivyo.

Tulipohamia, bibi yako tulimchukua. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeanza kulala. Tukampa chumba cha mbele, chenye jua la asubuhi, kwa ajili ya kifua chake, na wewe ulipoacha kunyonya ukahamia kwake, ukakataa kutoka.

Ulikuwa na miaka minane nilipokwenda Mponde kuchuma chai nikakuta watu nisiowajua wamo shambani na vikapu vyao. Nikadhani wamekosea mpaka. Mama mmoja akaniambia kwa upole sana, "Dada, hapa pameuzwa. Mwezi wa pili sasa." Nilibaki nimesimama kwenye njia na kikapu changu. Baba yako alikuwa ameuza shamba ili aingie ubia wa lori na rafiki yake, na lori lilikuwa limeshaua injini huko Segera, na rafiki simu hapokei. Alikuwa ananificha akitafuta namna ya kulirudisha. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilipanda mlima nikawakuta nduguze wote wamekaa uani, kulikuwa na kikao cha mambo ya ukoo, nikasema mbele yao, kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Athumani, mimi sikuolewa na mume. Niliolewa na dalali."

Nilijua ninachokifanya. Nilichagua neno, nikachagua na watu wa kulisikia. Angekuwa peke yake labda angelia, kwa sababu alikuwa ameshavunjika. Mbele ya kaka zake hakuweza kulia, akatoa talaka.

Ndani ya eda wazee walikuja mara mbili kutupatanisha. Mara ya pili baba yako alikubali, akasema atafanya kibarua popote alipe shamba. Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka aumie kidogo zaidi kwanza. Eda ikaisha huku nikingoja aumie vya kutosha.

Baada ya baraza la usuluhishi kushindwa, tukafika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alikuwa kijana mwenye subira. Akamwuliza baba yako, "Mke wako alichangia nini katika nyumba hii?"

Baba yako akatazama sakafu. Akasema, "Mheshimiwa, hakuchangia hata tofali moja. Kiwanja ni cha baba yangu, nyumba nimejenga kwa jasho langu. Yeye kazi yake ilikuwa kupika."

Zuhura, nimepata uchungu wa kuzaa, nimezika wazazi wote wawili, lakini sijawahi kuumwa kama nilivyoumwa na maneno yale. Nikasema, "Mheshimiwa, muulize, hao mafundi waliokuwa wanajenga walikuwa wanakula mawe? Na mawe yenyewe nani aliyabeba?" Mzee mmoja wa baraza, mama wa makamo, akacheka kwa sauti mpaka hakimu akamtazama. Nilileta mashahidi. Aliyeniuzia mabati alikuja, akaeleza kwamba pesa alipokea mkononi mwangu.

Halafu hakimu akaniuliza mimi, "Na wewe, una mali nyingine yoyote iliyopatikana ndani ya ndoa?"

Nilikuwa nimeshika msahafu dakika chache kabla. Nikasema, "Sina, Mheshimiwa."

Nilikuwa nayo. Miaka mitano nilikuwa nikiweka kwenye kikundi cha akina mama, kila baada ya gulio, kabla sijafika nyumbani. Hakuna aliyejua pale kwetu. Nilianza kwa kujiambia ni ya dharura, nikaendelea kwa kujiambia ni yangu. Ilitoka kwenye kabichi zile zile, kwenye ardhi ile ile ya ukoo wa baba yako, nikilimiwa na yeye siku nilizokuwa mgonjwa. Yeye alisema uongo ili nisipate changu, na mimi nikasema uongo ili asipate chake. Tofauti ni kwamba wake ulijulikana. Mimi nilitoka mle ndani watu wakinipa pole.

Wewe hakimu alikuita ofisini kwake peke yako. Sikusikia alichokuuliza. Nilisikia jibu lako siku ya hukumu, alipolisoma mbele ya wote: mtoto ameeleza kwamba anapenda kukaa na bibi yake.

Hukusema baba, wala hukusema mama. Ulisema bibi. Leo nikilifikiria naona lilikuwa jibu la akili kuliko yote yaliyotolewa mle ndani. Siku ile niliona mtoto wangu amenikana.

Hukumu ilikuwa ya haki, sina la kuilaumu. Kiwanja ni cha ukoo, hakigawiwi. Nyumba tumejenga sote, kwa hiyo baba yako anilipe nusu ya thamani yake ndani ya miezi sita, na asipoweza, nichukue vifaa vinavyoondoleka vya kiasi hicho: mabati, milango, madirisha.

Miezi sita ilipokaribia kwisha baba yako alikuja nyumbani kwa mjomba wako Hoza, nilikokuwa nimehifadhiwa. Alikaa kwenye benchi nje, kofia mkononi. Akasema, "Mama Zuhura, nimepanda viazi. Nisubiri nivune. Ukishindwa kusubiri viazi, basi subiri mvua za vuli zipite. Mama kifua kimembana tena."

Nikamwambia, "Hakimu kasema miezi sita."

"Najua alichosema hakimu. Nakuomba wewe."

"Mimi sikuchangia hata tofali moja. Utaniombaje kitu ambacho sina?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Mjomba wako Hoza alikuwa mlangoni amesikia yote. Akaniambia, "Dada, msubiri. Ndani ya nyumba ile yumo mwanao."

Hapa, mwanangu, ndipo pana uongo niliokulea nao. Ulipokuwa mkubwa ukauliza mara moja tu kwa nini nyumba ya baba iliezuliwa, nikakwambia, "Wajomba zako ndio walioamua." Hoza alinisihi siku mbili. Mjomba wako Rashidi alikataa kabisa kuja, mpaka nilipomwambia kwamba kama haji nitalipa mafundi wa kutoka Soni na ataona aibu yeye. Mimi ndiye niliyeamua. Na sababu sikuwahi kumwambia mtu. Haikuwa nusu yangu ya nyumba. Pa kukaa nilikuwa napo, na ya kikundi ilikuwepo inaningoja. Nilikuwa nimekukasirikia wewe. Mtoto wa miaka tisa. Nilitaka mle ulimochagua kukaa msikalike.

Tulifika asubuhi na pikapu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Baba yako hakuwepo, alikuwa amekwenda kibarua mbali, nadhani kwa makusudi, ili asione. Bibi yako alitoka nje na kigoda chake, akakaa karibu na jiko la uani, akajifunika kitenge mpaka kichwani. Hoza na Rashidi wakapanda juu, wakaanza kung'oa misumari. Unajua sauti ya msumari wa bati unapong'olewa? Ni kama kuku anayekamatwa. Kila mmoja ulilia hivyo, mpaka adhuhuri.

Ulirudi kutoka shule ukakuta kenchi zimebaki kama mbavu za ng'ombe. Ulisimama kwenye mlango wa chumba cha bibi, ukaangalia juu, ukaona mbingu. Hukulia. Bibi yako akakuita, akakwambia kwa sauti ambayo niliisikia, "Mpe mama yako maji ya kunywa. Ametoka mbali na jua limekuwa kali." Ukaja na kikombe, umekishika kwa mikono miwili, umepiga goti kama ulivyofundishwa. "Shikamoo mama. Karibu maji."

Sikuitikia. Nilipokea kikombe, nikanywa, nikakurudishia, nikakwambia: "Si ulichagua mwenyewe kukaa huku?"

Sijui kama unalikumbuka neno hilo. Miaka kumi na tano nimekuwa nikikutazama usoni kutafuta kama unalikumbuka. Ulipoleta cheti chako cha ualimu, nilikutazama. Ulipomleta Idrisa kunisalimia, nilikutazama. Hujawahi kunionyesha. Kama umelisahau, nisamehe kwa kukukumbusha. Kama unalikumbuka, basi ujue kwamba na mimi nalikumbuka, na kwamba halikuwa kweli. Hukuchagua. Watu wazima wawili walishindwa kazi yao, wakamweka mtoto kwenye kiti kwa hakimu aifanye yeye.

Mabati yale hayakunisaidia kitu. Bati likishapigwa msumari likang'olewa lina tundu, na tundu halizibiki vizuri. Mengine yalipinda wakati wa kushusha. Milango haikuingia kwenye fremu yoyote. Juu ya kuta zile yalikuwa paa la nyumba. Kwenye pikapu yalikuwa chuma chakavu. Niliyauza kwa mtu wa mabanda ya kuku kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Nusu ya nyumba nzima ningeisubiri mpaka viazi vivunwe, ningeipata. Niliipasua nyumba ili nipate nusu, na ikipasuliwa nusu haipo tena.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Wewe na bibi yako mlihamia kwenye jiko la uani, na baba yako akafunika chumba kimoja kwa turubai. Hayo unayajua wewe kuliko mimi, mimi nilisimuliwa. Bibi yako alifika kipupwe, hakukimaliza. Daktari alisema ni kifua cha zamani. Nilikwenda msibani nikakaa nyuma kabisa na wanawake wa mbali. Nilitegemea mtu atanifukuza au atanitukana. Hakuna aliyesema kitu. Walinipa chai, wakanipa mkeka. Hakuna hata leo aliyewahi kuniambia kwamba nilichangia kifo kile. Ndiyo maana sijapata mtu wa kubishana naye. Nabishana peke yangu, na nashindwa.

Baada ya arobaini baba yako alikuleta kwangu, hapa Lushoto, na begi moja. Nilikuwa nimeshajenga vyumba hivi viwili kwa pesa ile ya kikundi. Humu ulimolala miaka yote hii, humu utakamotoka kesho ukiwa bibi harusi, ndimo ilimoingia ile "sina, Mheshimiwa."

Sasa usinielewe vibaya, kwa sababu wapo watakaokwambia kwamba somo la maisha yangu ni mwanamke asidai. Hapana. Wanawake wangapi wa milima hii wameondoka kwa waume zao na furushi la khanga tu, baada ya miaka ishirini ya kubeba mawe? Kudai sikukosea. Ningerudi mbele ya hakimu yule leo ningesema yale yale kuhusu mawe na mafundi. Jina lako liandikwe, Zuhura. Mwambie Idrisa leo mkiwa mnapendana, mkiwa mnacheka, wala si siku mtakapokuwa mnatazamana kwa macho ya mashahidi. Akiwa mtu ninayemdhania, hataona mguu ulio nje. Na wewe mwambie ulicho nacho chote, hata kile ambacho moyo unakwambia ni cha dharura. Mimi dharura yangu niliificha mpaka ikawa uongo wa msahafu.

Na kama Mungu ameandika kwamba mtashindwana, kwani nani aliyejua sisi tutashindwana, dai chako. Lakini kabla hujapeleka mtu na nyundo, uliza kwanza nani amelala mle ndani. Na ujiulize hasira yako ni ya nani. Mimi hasira ya baba yako niliipeleka kwako, ikamwangukia bibi yako.

Limebaki jambo moja, na hili ni jipya hata kwangu.

Alhamisi iliyopita nilikwambia nakwenda Soni kununua vitunguu. Nilikwenda Vuga. Posa na mahari yako vyote vilipita kwa Hoza na baba zako wakubwa. Mimi na baba yako hatukuwa tumekaa kuongea tangu siku ile ya benchi. Nikaona siwezi kumpokea kesho kama mgeni, aje akuozeshe kwa mkono wake, na kati yetu kuna vitu vimefukiwa.

Nilimkuta anapalilia karoti. Amezeeka, Zuhura, goti la kushoto halikunji vizuri. Aliponiona akaacha jembe. Nikamsalimu, akaitikia, halafu akauliza, "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

Akanitolea kiti, yeye akakaa kwenye kizingiti. Nikamwambia bila kuzunguka, maana ningezunguka ningerudi nyumbani. "Baba Zuhura, mimi niliapa uongo mahakamani. Nilisema sina kitu. Nilikuwa na pesa kwenye kikundi."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Habari ya kikundi. Mke wa kaka alikuwa na rafiki kwenye kikundi chenu, hukujua? Aliniambia kabla hata kesi haijaanza."

Nikauliza, "Kwa nini hukusema mbele ya hakimu? Ungeshinda."

Akachokoa udongo kwenye jembe kwa kidole, muda mrefu. "Nilikuwa nimeshauza chai yako. Nikasema moyoni, hicho wacha abaki nacho. Siku mtoto akimfuata, apate pa kulala."

Mtu yule yule aliyesema sikuchangia hata tofali, siku ile ile, kwenye chumba kile kile, alikuwa amekaa kimya juu ya kitu ambacho kingeniangusha. Nimemchukia miaka kumi na tano kwa alilolisema, sikujua kuna alilolinyamazia.

Kisha yeye mwenyewe akaanza. "Lile la tofali, Mama Zuhura. Mama alinigombeza kwa neno lile mpaka siku anakata roho. Alikuwa ananiambia, 'Athumani, mimi nilimwona mkeo, tumboni ana mtoto na kichwani ana jiwe. Utamwambia nini Mungu?'"

"Na mimi nilimwezulia yeye," nikasema.

Akalisugua goti lake. Halafu akasema, "Alikuwa mgonjwa tangu zamani."

"Najua."

"Basi."

Hatukwenda mbali zaidi ya hapo. Hatukusameheana kwa maneno, na sidhani kama kuna maneno yake. Alinipeleka kaburini, pale chini ya migomba, tukasoma Fatiha, kila mtu kwa pumzi yake. Nilitaka kumwambia bibi yako kitu, nikaishia kung'oa magugu ya kando ya kaburi.

Tuliporudi nikachukua mkoba wangu niondoke. Baba yako akanisindikiza hadi njiani akichechemea, mkono mmoja nyuma. Bodaboda ilipokuwa inageuza, akanikaribia kama mtu anayeogopa kusikiwa, akaniuliza, "Mama Zuhura, hiyo siku nikija huko kwako, nikae wapi?"

Nikamwambia, "Ukae mbele. Wewe ndiye baba yake."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini namjua baba yako, na nina hakika kesho atafika mapema kuliko watu wote, atasimama kwenye geti na shati lake limepigwa pasi, na hataingia mpaka aambiwe. Mimi nitakuwa jikoni na wewe utakuwa umefungiwa ndani, huwezi kutoka. Kwa hiyo nimeshamwambia Hoza asimame pale tangu alfajiri, amshike mkono, ampeleke mpaka kwenye kiti chake.

Mama yako,
Mwanaidi